Barua ya wazi kwa wahariri wa harusi: fomu yenu ndiyo inayochagua maharusi

Ndugu wahariri wa majarida ya harusi, watayarishaji wa vipindi vya televisheni na mnaosimamia kurasa za maharusi Tanzania na Kenya,

Salaam nyingi. Tunaowaandikia ni wapiga picha, wapambaji wa maharusi, wachora hina na washereheshaji. Picha mnazozitoa hupita mikononi mwetu kwanza, kwa hiyo tunajua ipi mmeitoa na ipi imelala kwenye barua pepe hadi ikasahaulika. Malalamiko kwamba mnaonyesha harusi ya aina moja mmekwisha kuyasikia, na jibu lenu ni lilelile: tunachapisha tunacholetewa. Tunachotaka kuwaonyesha ni jinsi mnacholetewa kinavyochujwa na nyinyi wenyewe kabla hakijawafikia.

Tuanze na fomu. Karibu kila fomu ya kutuma harusi inauliza jina la ukumbi, mpambaji wa ukumbi, fundi wa gauni, mwoka keki, gari, idadi ya waalikwa na mahali pa fungate. (Fungate, tukumbushane, ni siku saba za ndani. Tiketi ya ndege imekuja juzi.) Waliofunga ndoa bomani kwa Mkuu wa Wilaya, au Sheria House, kwa msajili wa ndoa pale Nairobi, kisha wakaenda kula pilau kwa shangazi, wanaacha nusu ya fomu tupu na kuona aibu kuituma. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya kiserikali, ya kidini na ya kimila. Ile ya Kenya ya mwaka 2014 inataja aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Fomu yenu inaijua moja, ile yenye zulia jekundu na keki ya ghorofa. Nyingine zote, zikipata nafasi, zinaitwa "toleo maalumu".

Sababu tunaijua na hatutaizunguka. Mwoka keki na mwenye ukumbi ndio wanaolipa matangazo, na harusi isiyo na keki haina wa kumtaja. Basi harusi iliyolipiwa na watoa huduma iandikwe TANGAZO, herufi kubwa, juu ya picha. Hapo msomaji atajua kwamba yule bibi harusi mwembamba maji ya kunde, ubavuni mwa bwana harusi anayemzidi kichwa kizima, alichaguliwa kuuza ukumbi. Zinazobaki ndizo harusi za habari, na hizo hazihitaji kujibu swali la gari.

Sasa rangi ya ngozi, ambako mengi yanaharibikia mikononi mwa watu wasio na nia mbaya hata kidogo. Mita ya kamera imetengenezwa ione kila kitu kama kijivu cha kati, kile cha asilimia 18. Gauni jeupe likijaa kwenye fremu, kamera inadhani mwanga umezidi na inaupunguza. Gauni linageuka kijivu, uso wa bibi harusi mweusi unazama. Mpiga picha anayejua kazi hupimia uso. Pale gauni linapotawala fremu huongeza mwanga kati ya theluthi mbili ya stopu na stopu moja na theluthi (stopu moja ni mwanga mara mbili), huku jicho likiwa kwenye darizi za gauni zisiungue, yaani zisipotee kwa weupe. Asiyejua anawaletea picha yenye uso usioonekana, na fundi wenu wa picha anaiokoa kwa kuipandisha mwanga yote kwa pamoja. Matokeo mnayafahamu: ngozi ya jivu, kama ya mtu aliyeoga akakosa mafuta.

Kisha inakuja priseti, yaani mpangilio wa rangi uliohifadhiwa tayari na kupitishwa juu ya picha kwa mbofyo mmoja. Ndani ya Lightroom, programu ya kuhariri picha, rangi za ngozi za binadamu, awe Mnyakyusa au Mswidi, hukaa zaidi kwenye kitelezi cha chungwa. Kitelezi hicho kina sehemu ya mng'ao. Ikipandishwa hata 20 tu, ngozi ya kila aliyemo kwenye picha inakwajuka kwa mkupuo, bibi harusi, mama mzazi na watoto wa maua, huku gauni na majani vikibaki kama vilivyokuwa, na ndiyo maana fundi hashtuki. Mnaweza kuliona kosa hili bila kompyuta. Tazameni masikio, shingo na vifundo vya vidole. Uso ukiwa wa mtu mmoja na mikono ya mtu mwingine, ama meikapu imekosewa ama priseti imepita.

Meikapu nayo ina hesabu yake. Faundesheni hulinganishwa na shingo na kifua. Mashavu hudanganya, kwa sababu uso wa wengi wetu una rangi mbili au tatu, paji na pembeni mwa mdomo pakiwa peusi zaidi. Paoda na krimu zenye kinga ya jua ya titani dioksidi hurudisha mwanga wa flashi, na uso unaotoka ni mweupe kama umepakwa unga wa sembe, ingawa kwenye kioo cha saluni ulikuwa sawa kabisa. Dawa yake ni ndogo: kabla bibi harusi hajatoka saluni, apigwe picha moja ya flashi umbali wa mita 2. Kinachotuudhi ni kwamba uso huo mweupe, ambao kwetu ni kosa, kwenu unasifiwa. Mmeandika "bibi harusi aking'ara" chini ya picha ambazo mpambaji aliona aibu kuzituma.

Wanaochapa kwenye karatasi wana tatizo la ziada. Karatasi ya gazeti hubeba wino wa jumla wa takriban asilimia 240 (rangi nne zikijumlishwa, kila moja ikihesabiwa hadi 100), na nukta za wino hutanuka zikigusa karatasi, kwa hiyo vivuli vya uso mweusi hujaa na kuziba. Hapo ndipo inapozaliwa kauli ya kwamba maharusi fulani "wanachapika vizuri" na wengine hapana. Fundi aliyesomea kazi yake hutengeneza faili la kuchapia mbali na la mtandaoni, akafungua vivuli vya uso kwenye lile la kuchapia peke yake, kisha akaomba nakala ya majaribio kwenye karatasi ileile. Kazi ya saa moja. Kodak, kampuni ya filamu za kamera, nao kwa miaka mingi walipimia rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, zile zilizoitwa kadi za Shirley, na malalamiko yaliyowaamsha yalikuwa ya watengeneza chokoleti na samani, waliotaka hudhurungi yao ionekane. Msisubiri muuza kabati awasemee mabibi harusi wenu.

Haya yanaishia kwenye miili ya watu. Binti anaingia saluni miezi mitatu kabla ya harusi, simu mkononi, ukurasa wenu umefunguliwa: "nataka niwe hivi." Mpambaji mwaminifu atamwambia kwamba rangi ile ni ya priseti. Asiye mwaminifu atamuuzia mkorogo. Mkataba wa Minamata unakataza vipodozi vya kung'arisha ngozi vilivyotiwa zebaki, na sababu yake mojawapo ni figo, ambazo zebaki huziharibu. Picha yenu haikuuza mkorogo, lakini ndiyo sampuli aliyokuja nayo mteja.

Mfano wa karibu zaidi ni hina. Hina halisi ni majani. Ikikandwa vizuri na kuachwa saa 4 hadi 6, au usiku kucha, hutoa rangi ya chungwa inayokolea kuelekea wekundu wa kahawia kwa siku moja au mbili. Kwenye ngozi nyeusi hukolea viganjani, kwenye nyayo na kwenye kucha, na juu ya mkono huonekana kwa shida. Bibi zetu walilijua hilo, ndiyo maana ncha za vidole zilivikwa hina hadi kwenye pingili. Wahariri mkataka maua juu ya mkono, tena meusi, yasomeke kwenye skrini ya simu. Hina haitoi weusi huo. Kinachoutoa ni piko, yaani rangi ya nywele yenye kemikali ya PPD, inayopakwa kwenye ngozi bila kipimo. Wapo wasiodhurika. Wengine hutoka malengelenge siku chache baadaye, kwa umbo lilelile la ua lililochorwa, na kovu hubaki. Aliyekwisha kudhuriwa mara moja anaweza kuvimba uso mzima siku atakapopaka rangi ya nywele, hata miaka ikiwa imepita.

Tunachoomba hapa hakiwagharimu senti. Pigeni na chapisheni viganja. Mwanga utoke ubavuni, karibu na dirisha, ili mng'ao wa ngozi usifute mstari wa hina, na picha ipigwe siku ya pili, rangi ikiwa imekolea. Picha ya piko ikilazimika kutoka, maelezo yaseme ni piko. Na tafadhali, kuiita hina "tatuu" ni uvivu.

Tukiwa bado pwani. Harusi za Waislamu wa Unguja, Tanga, Lamu na Mombasa hazitoki kwenu mara nyingi, na zikitoka ni mlango wa Zanzibar, joho na jasmini, kisha maelezo yanasema "harusi ya Kiarabu" hata kama maharusi ni Wadigo kwa Wadigo. Tatizo la msingi ni kwamba mnadai picha ya wawili wakiapa pamoja. Nikaha nyingi zinafungwa msikitini: bwana harusi, walii wa binti, mashahidi na shehe, mahari yanatajwa. Bibi harusi yuko nyumbani kwao, ridhaa yake imekwisha kuchukuliwa. Bwana harusi hufika baadaye na watu wake kumpa mkono. Mhariri asiyelijua hili anapokea picha 40 za wanaume peke yao na picha 6 za chumba cha wanawake, anaamua kwamba "hakuna tukio". Tukio lipo. Linasomeka kwa picha tatu: mkono wa walii umeshika wa bwana harusi, ule mlango ambapo bwana harusi na watu wake wanazuiliwa wakidaiwa kifungua mlango, na mkono wa bwana harusi ukigusa paji la bibi harusi. Akitaka uso usionekane, picha hiyo hupigwa kutoka nyuma yake, lenzi fupi, kisutu au mtandio ukijaza theluthi ya fremu.

Kwenye shughuli ya wanawake, kamera inashikwa na mwanamke na simu zinakusanywa mlangoni. Picha zile si zenu wala si zetu. Yupo bibi harusi anayekubali vikuba (mafungu madogo ya maua ya kunukia), mkono wenye hina au kanga zilizokunjwa zitoke, uso usitoke. Kubalini hivyo bila kunung'unika. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Picha ya uso wa mtu ni taarifa yake. Idhini iwe ya maandishi, isainiwe na wote wawili kila mmoja peke yake, ieleze picha zipi na zitoke wapi, na iseme zitaondolewa vipi mtu akibadili nia. Kuandikiwa "mume amekubali" hakutoshi.

Za bara tutazipitia haraka. Ngurario kwa Wakikuyu ndiyo ndoa yenyewe ya kimila, bwana harusi akikata bega la mbuzi mbele ya wazee. Mkiandika "uchumba" mnawavunjia wazee kazi. Ndafu ya Wachaga, mbuzi mzima wa kuchomwa, haiitwi "keki ya mbuzi". Na shuka ya Kimasai imegeuzwa sare ya kila asiye na wazo: Msukuma na mchumba wake Mhehe wanavalishwa shuka nyekundu na shanga kwa sababu mwongozo wa upigaji picha umesema "vazi la Kiafrika". Ulizeni fomuni: nyumbani kwa bibi harusi watu huvaa nini, na vazi hilo linaitwaje? Jina likijazwa lichapishwe kama lilivyo, bila kulipunguza kuwa "la asili".

Maelezo ya chini ya picha yanastahili barua yake. "Mnene lakini kapendeza." "Mapenzi hayachagui", ambayo haijawahi kuandikwa chini ya picha ya watu wawili warefu weupe. Mwanamke akimzidi mume umri, mume anaitwa serengeti boi. Mwanamume akimzidi mke miaka 30, ni "mapenzi motomoto". Mjane na mtalaka wanaulizwa fomuni kama ni ndoa ya kwanza, swali ambalo halina kazi yoyote ya uhariri tunayoijua. Kazi ya bwana harusi inatajwa, ya bibi harusi inakuwa "mrembo". Kipimo tunachotumia sisi ni rahisi: hamisheni sentensi hiyo iende chini ya picha ya jalada la mwezi uliopita. Ikionekana ya ajabu pale, ilikuwa ya ajabu tangu mwanzo.

Kuhusu urefu, bwana harusi mfupi hupandishwa kwenye ngazi au juu ya kreti la soda lililofunikwa na gauni, na bibi harusi huvuliwa viatu alivyovinunua kwa pesa yake. Anayeagiza hivyo ni mpiga picha, na anaagiza kwa sababu anajua vinginevyo mtairudisha picha. Semeni hadharani kwamba hamtairudisha, kreti litarudi dukani kwake.

Maharusi wenye ulemavu wanafika kwenu kwa njia moja tu, hadithi ya kutoa machozi. Mwenye kiti mwendo hupigwa kutoka juu, kamera ikiwa usawa wa macho ya aliyesimama, na nyuma yake pana mtu anayesukuma hata kama hasukumwi. Kamera ishuke hadi usawa wa macho yake, mwenzi aketi au ainame, kiti kisikatwe wala kisifanywe mada. Kwa maharusi viziwi kosa ni kubwa zaidi na hufanyika kwenye video: mhariri anakata kwenda kwenye maua wakati wa kiapo, kama alivyozoea. Kiapo chao kiko mikononi. Kukata kwenda kwenye maua ni kuwakata maneno. Fremu ianzie kiunoni kwenda juu, mikono yote miwili ndani, isikatwe hadi kiapo kiishe, na tafsiri ya maandishi iwekwe chini, mbali na vidole.

Harusi yenye mwenzi mmoja mwenye ualbino (neno "zeruzeru" liacheni) inarudishwa kwa kisingizio cha ufundi: mmoja kaungua, mwingine kazama. Ufundi wake upo. Wasimame bega kwa bega, taa iwe upande wa mwenye ngozi nyeusi. Yeye akiwa mita 1 kutoka kwenye taa na mwenzake mita 1.4, mwenzake anapata nusu ya mwanga, yaani stopu moja kamili chini. Akiwa mita 2 anapata robo. Tofauti iliyokuwa inawashinda imekwisha bila kumfanya mweusi aonekane mweupe wala mweupe aonekane mwekundu. Nje, pigeni kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 10 jioni, kivulini, kwa sababu jua linamchoma. Flashi ya moja kwa moja humuumiza macho, basi ipitie kwenye kitambaa cheupe na ahesabiwe hadi tatu kabla. Macho ya wengi wao hutikisika yenyewe, kwa hiyo pigeni fremu 8 pale mlipozoea kupiga 3, mchague iliyotulia.

Msituamini kwa maneno. Chukueni picha 100 za mwisho mlizochapisha, na nyingine 100 mlizozikataa, kama hamjazifuta. Watu wawili wahesabu, kila mmoja peke yake: rangi ya ngozi ya bibi na ya bwana kwa kipimo cha Monk chenye ngazi 10 kilichotolewa mwaka 2022, umbo, aina ya ndoa, mahali ilipofungwa, ulemavu unaoonekana, na kama kazi ya kila mmoja imetajwa. Wawili ni lazima kwa sababu jicho la mtu mmoja huzoea. Kufikia picha ya 60 hivi, anayehesabu peke yake anaanza kuona kila mtu ni wa kati. Wakitofautiana zaidi ya ngazi mbili, wa tatu aamue. Kisha wekeni hesabu ya zilizotoka kando ya hesabu ya zilizokataliwa. Pengo kati ya hizo mbili ndilo jibu la "tunachapisha tunacholetewa".

Msimu wa harusi za Desemba utaanza tukiwa bado tunabishana, kwa hiyo ombi letu la kwanza ni dogo. Tunataka siku moja na mafundi wenu wa picha. Tutakuja na faili ghafi za harusi 10, kwa idhini ya wenyewe: za bomani, za msikitini, za kanisani, za kimila na za hekaluni. Tutakuja pia na kadi ya kijivu, taa mbili na nakala za fomu yenu kama ilivyo leo. Nyinyi leteni priseti mnayoitumia kwa jalada, na aliyeitengeneza awepo mezani.

Wapiga picha, wapambaji wa maharusi, wachora hina na washereheshaji
Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa